Mkanda Kwenye Mguu wa Gurudumu

“Mkanda wa mtu aliyetoroka unafanya nini kwenye mguu wa helikopta?”

Mama Chilombo aliuliza hivyo mbele ya maofisa watatu, kwenye uwanja wa ndege wa Huambo, mwaka ule wa tisini na tisa vita viliporudi tena. Mmoja alitazama saa. Wa pili akaagiza mama apewe maji. Wa tatu, Kapteni Belarmino Chivinda, rubani wa helikopta yenyewe na mkwe wa mama huyo, aliinama akafunga kamba za buti ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Taarifa aliyoiandika kapteni ilikuwa na mistari minne. Sajenti Hosi, fundi wa helikopta, alishuka kwenye ngome ya Kambwenge kupakia majeruhi, akakimbilia kwa adui. Mtoro. Na mtoro hana msiba, hana jeneza, mama yake hasalimiwi sokoni. Lakini mwanamke anayefagia uwanja alikuwa ameuona mkanda wa suruali umezungushwa kwenye mguu wa gurudumu la kushoto, umekatika, na kwenye chuma chake kimechorwa simba kwa ncha ya msumari. Hosi ni simba kwa Kiumbundu. Mfagiaji akaufungua, akampelekea Mama Chilombo, mama mzazi wa Hosi.

Njamba, pacha wa Hosi, ndiye aliyekuwa mke wa kapteni. Alimwamini mumewe siku tisa.

Siku ya kumi, saa saba mchana, jua likiwa juu ya bati, aliandaa ugali, majani ya maboga na samaki mkavu. Kapteni alikaa. Kabla hajanawa, kitu kikagonga chini ya kiti chake. Mara mbili. Chuma kwa saruji.

Njamba aliujua mlio ule kama anavyoujua mwendo wa kaka yake. Hosi hakuwa akipiga kelele kazini. Mapanga ya helikopta yakishazunguka, nani atakusikia? Aligonga sakafu kwa spana mara mbili, maana yake sote tumo, ondoka. Hata hapa nyumbani, chakula kikichelewa, aligonga mguu wa meza vivyo hivyo na kusema, “Dada, abiria wamekwisha kufa njaa.”

“Panya,” kapteni alisema.

“Panya wa kushika spana?”

Kapteni alihamisha kiti hadi dirishani. Kikagonga dirishani, chini yake. Akainua miguu, akala akiwa ameikunja juu ya kiti kama mtoto anayeogopa siafu, na Njamba angemcheka, kama isingekuwa ile harufu iliyopanda kutoka sakafuni, harufu ya mafuta ya ndege na majani mabichi yaliyopondwa.

Tangu hapo hakikukoma. Kiligonga chini ya kitanda upande wa kapteni tu. Kiligonga chini ya beseni akioga, na chini ya benchi la kanisa padri akisoma injili, hata waliokaa jirani wakageuka kumtazama. Juma la tatu alichukua sururu akaivunja sakafu ya chumba cha kulia, akachimba tangu asubuhi hadi jasho likamtiririka kwenye magoti, udongo mwekundu ukarundikana juu ya makochi, na kila alipofika chini zaidi kugonga nako kulishuka zaidi, palepale chini ya nyayo zake, kwa utulivu wa fundi asiye na haraka, mbili, kisha kimya, kisha mbili, mpaka akaitupa sururu akakaa ukingoni mwa shimo na kulia.

Njamba alisimama mlangoni. Hakumfuta machozi.

“Belarmino, kaka yangu yuko wapi?”

“Alitoroka. Nimeandika.”

“Sikuulizi uliloandika.”

Mama Chilombo hakuwa na haja ya kuambiwa. Alipolisikia lile jambo alisema huyo ni ochilulu, mzuka wa mtu aliyekufa vibaya, na hataondoka mpaka aulizwe. Maana kwa watu wa nyanda zile maiti haizikwi bila kuulizwa. Hufungwa kwenye mti, wanaume wawili wakaubeba mabegani, kisha mkubwa wa ukoo huuliza nani kamuua. Mti ukisogea mbele, ni ndiyo. Ukirudi nyuma, ni hapana. Mwili usipopatikana, nguo hutosha.

Miezi mitatu kapteni alikuwa amelikataa hilo. Alisema yeye ni mtu wa vyombo na ramani, kwamba mama anataka kumfanya kichekesho cha kikosi. Sasa, macho yamemtumbukia, alikubali kwa sharti moja: wabebaji atawachagua yeye. Akamchagua rubani wake msaidizi, Luteni Abílio, na askari mmoja wa ghala. Njamba alimsikia nyuma ya jiko akiwaagiza kwa sauti ya chini: jina langu likitajwa, rudini nyuma. Askari wa ghala alicheka. Abílio hakucheka.

Walikutana uani, jua la saa sita, kila mtu akiwa amesimama juu ya kivuli chake. Ovaroli ya Hosi ilifungwa kwenye mti pamoja na ule mkanda. Majirani walijaa ukutani. Kuna waliokuja kwa huzuni, na kuna waliokuja kuona aibu ya mama wa mtoro.

“Hosi mwanangu,” Mama Chilombo alisema, “ni adui aliyekuua?”

Mti ukarudi nyuma.

“Ulitoroka?”

Ukarudi nyuma kwa nguvu, hata askari wa ghala akakanyaga kuku. Watu wakanong'ona. Kapteni akasema kwa dharau kwamba wabebaji wamechoka, jambo liishe. Hapo Njamba akamshika mama yake bega, akasogea mbele. Alikuwa hajala tangu jana. Alijua kwamba akiuliza hana tena nyumba, na asipouliza hana tena kaka.

“Hosi. Ni mume wangu?”

Wabebaji walirudi nyuma, kama walivyoagizwa, hatua moja. Kapteni akatabasamu. Ndipo chini ya buti zake, kwenye ardhi tupu, kikagonga. Mara mbili. Safari hii kila mtu alisikia.

Na mti ukaenda mbele. Haukuyumba: uliinamisha kichwa kwanza, kama helikopta inavyoinama pua inapoanza kuondoka, ukawavuta wale wanaume wawili huku visigino vyao vikichimba mitaro miwili uani na askari wa ghala akiita jina la mama yake, ukapita juu ya majiko na masufuria, ukapita katikati ya watu waliokuwa wakiangukiana, harufu ya mafuta na majani ikajaa uani hata wengine wakatapika, mpaka ncha yake ikatua kifuani mwa Kapteni Belarmino Chivinda na kumbandika ukutani. Haukumchoma. Ulimshikilia tu.

Abílio aliuachia. Mti ulibaki hewani, upande mmoja hauna mtu.

“Hakutoroka,” alisema, polepole sana. “Tulipakia majeruhi kumi na wawili. Na friji mbili na kitanda, mali ya brigedia wetu. Joto lilikuwa kali, helikopta haikuinuka. Hosi akasema tushushe friji. Kapteni akasema shusha watu watatu. Hosi alishuka kuwarudisha ndani, na kapteni akaniamuru nifunge mlango.”

“Ukafunga?” aliuliza Njamba.

“Nilifunga, dada.”

“Sema yote.”

“Aliung'ang'ania mguu wa gurudumu. Akajifunga kwa mkanda. Tulimsikia angani akigonga chini yetu, mbili, mbili. Majeruhi nao walisikia. Kapteni akasema akifika hai, sote tumekwisha. Akashuka mpaka vileleni mwa miti.” Abílio alitazama mikono yake. “Akapita hapo mara tatu, mpaka kugonga kukakoma.”

Mama Chilombo hakupiga yowe. Alikaa chini akaufungua mkanda kutoka kwenye mti, na mti ukaanguka kama kuni ya kawaida.

Sasa mtasema kapteni alikamatwa. Alikamatwa na nani? Brigedia alilala kwenye kitanda chake, akanywa bia baridi kutoka kwenye friji zake. Kikosini walisema mti si shahidi, na Luteni Abílio ana malaria ya kichwa. Siku sita baadaye Belarmino alitumwa kupeleka makreti ya bia Kambwenge. Abílio aligoma kupanda. Askari wa redio uwanjani ndiye aliyesimulia: kapteni aliuliza mara nne nani anagonga huko chini, kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata dawa, kwamba anajua namna ya kumwondoa. Akashuka mpaka vileleni mwa miti. Mara ya kwanza akapita. Mara ya pili akapita.

Walipomtoa kwenye mabaki, suruali yake haikuwa na mkanda. Mkanda waliukuta kwenye mguu wa gurudumu la kushoto, umefungwa kwa nje.

Alizikwa na bendera. Hosi bado yumo kwenye orodha ya watoro, na mama yake bado hasalimiwi sokoni. Njamba alirudi kwao, nyumba ya kapteni ikatulia. Kugonga kukahamia kwa Abílio, naye akaenda kusema kila kitu hadharani kanisani, kukakoma. Lakini mwanamke mmoja wa Kaála, majeruhi aliyeletwa na helikopta siku ile akiwa hana mguu, anasema kuanzia Pasaka kitu kinagonga chini ya kiti chake.

Majeruhi waliofika walikuwa tisa. Walisikia wote. Kama wewe ni mmoja wao, usivunje sakafu. Njoo Huambo kwa Mama Chilombo, nyumba ya pili nyuma ya kituo cha treni, umwambie mbele ya majirani zake ulichosikia.