Uzi wa Chumba cha Mama

Haya nilielezwa na Kalunde, jirani yangu hapa Masii, akiwa amemkumbatia mtoto wake kwa nguvu.

Mumewe, Musili, alitaka ofisi ya nyumbani. Wakatoa kitanda chumbani mwa marehemu mama yake Musili, wakapaka ukuta rangi mpya. Mama alizoea kuketi kitandani hapo akisokota pajani nyuzi za katani za kusukia vikapu vya viondo.

"Baba Mutheu, heri tungeacha kitanda cha Mama," Kalunde alimwambia mumewe.

"Sasa unaogopa mbao?" Musili akacheka.

Jioni hiyo Mutheu, mtoto wao aliyepewa jina la nyanya yake, yule marehemu, alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya meza mpya. Stima ikapotea. Kalunde, akiwa jikoni, akasikia sauti kama ya kiganja kikisugua paja huko ofisini: shaa, shaa.

"Musili, ni wewe?"

"Niko nje!"

Akakimbia na tochi ya simu. Sauti ikakoma. Mkono wa mtoto ulikuwa umefungwa uzi wa katani, na ncha ya pili ilikuwa imeingia ukutani, chini ya rangi. Akaukata uzi kwa meno, akatoka mbio na mtoto.

Asubuhi walirudisha kitanda. Uzi ulikuwa bado unaning'inia ukutani. Kalunde alipougusa, ukavutwa ndani polepole, mpaka ukaisha.