Vidole vya Mguu Uliozikwa

Kila alasiri Glodie akirudi kutoka shuleni alivua sare, akala, kisha akaenda kushika kioo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mama yake, Mama Kapinga, alisuka nywele barazani mwa nyumba yao huko Kapata, katika zile safu za nyumba za wafanyakazi wa mgodi zinazofanana hata mlevi huingia ya jirani na kudai chakula. Mteja alipomaliza kusukwa, Glodie alisimama nyuma yake na kioo kirefu. Mteja alitazama kioo cha mbele, akaona kisogo chake mwenyewe, na wengine walishangaa kama vile ni kisogo cha mtu mwingine.

Kabla ya mvua za mwaka huu, baraza hilo lilijaa vicheko. Kaka mkubwa wa Glodie, Ezéchiel, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa mchimbaji wa madini upande wa Mutoshi. Alirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akaketi, na wateja wakasogeza viti. Aliapa kwamba siku moja alichimba shimo refu sana mpaka akawasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakigonga kwa mpini wa ufagio: "Eh! Punguzeni kelele, watoto wamelala!" Aliapa pia kwamba kuku wa jirani alidonoa madini, akataga yai la shaba, na mwenye kuku akalitundika darini likamwakia kama taa wiki mbili, hata siku ambazo umeme ulikatika.

"Bongo!" wateja walipiga kelele, huku wakifuta machozi ya kicheko. Kwetu Kolwezi uongo tunauita bongo, na hakuna aliyekuwa na bongo tamu kama Ezéchiel.

Kisha jiwe likaanguka. Lilimkuta shimoni, likamponda mguu wa kushoto. Hospitalini madaktari hawakuweza kuuokoa. Waliukata chini ya goti. Merdi, rafiki yake wa kuchimba pamoja, alikabidhiwa ule mguu katika sanduku la kadibodi, akaenda kuuzika karibu na mashimo yao.

Ezéchiel alirudi nyumbani na magongo mawili. Wiki ya tatu, Glodie akiwa anafagia nywele barazani, alimwona ameuma kola ya shati lake, machozi yakimtoka.

"Yaya, una nini?" Ndivyo alivyomwita kaka yake mkubwa.

"Vidole," Ezéchiel alisema. "Vya mguu huu." Alionyesha mahali patupu chini ya goti. "Vimejikunja kama ngumi. Vinaniuma, Glodie. Siwezi kuvikunjua."

Glodie alitazama. Palikuwa na sakafu ya saruji tu, na nywele zilizofagiliwa nusu. Alicheka mpaka ufagio ukamtoka mkononi.

"Yaya, hata leo! Hii ni bongo kupita yai la shaba!"

Ezéchiel hakucheka. Glodie alidhani ni sehemu ya utani.

Kesho yake akaisimulia shuleni, kwa sababu hadithi tamu haikai mfukoni. Jioni mwanafunzi mwenzake, Ntumba, alifika uani na wenzake watatu.

"Yaya Ezé! Kiatu cha kushoto unavaaka namba ngapi?"

"Kidole kidogo kinasemaje leo? Kinasalimia?"

Ezéchiel aliokota magongo, akaingia ndani, akavuta pazia. Tangu siku ile hakusimulia kitu. Sahani yake ya bukari, ugali wetu, ilirudi jikoni nusu, kisha ikawa inarudi nzima. Wateja walisukwa kimya kimya, na Mama Kapinga alikosea mistari ya nywele, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Alhamisi alikuja Mama Honorine, muuguzi anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwao, kuangalia kovu. Kovu lilikuwa limefunga vizuri. Ezéchiel alijibu "ndiyo" na "hapana" tu, maana aliogopa kuitwa kichaa. Alipokuwa akiondoka, muuguzi alimshika Glodie bega.

"Mwanangu, wewe ndiye unayekuwa naye. Analalamika maumivu?"

Glodie aliwakumbuka Ntumba na wenzake. Akisema kweli, itabidi aseme pia nani aliwaleta.

"Hapana, mama. Anasemaka tu bongo yake ya kila siku."

"Vizuri," alisema Mama Honorine, akaharakisha kwa wagonjwa wengine.

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Jumamosi asubuhi, Mama Kapinga akiwa ameenda soko la Manika kununua nywele za kusukia, Merdi alifika na koleo begani. Nje pikipiki ya taxi-moto ilikuwa inanguruma. Glodie alikuwa nyuma ya pazia, akasikia kila kitu.

"Tangu uniambie habari ya vidole nafikiri: niliuzika haraka haraka," Merdi alisema kwa sauti ya chini. "Sanduku lilikuwa fupi. Labda vidole vilijikunja mule ndani. Tunaufukua, tunavinyoosha, tunauzika tena vizuri. Utapona."

"Na mashimo?"

"Ukingo umeanza kubomoka. Lakini mi nitaingia pole pole. We baki tu hapa."

"Hapana, nakuja," Ezéchiel alisema. "Nataka kuviona kwa macho yangu vikinyooka. Nisipoona, havitaniachia."

Msiwacheke. Mchimbaji tatizo lake likiwa chini ya ardhi, dawa anayoijua ni koleo.

Nyuma ya pazia, Glodie alielewa. Hakuna mtu anayeenda kwa magongo kwenye tope la mashimo yanayobomoka ili kukamilisha utani. Kaka yake hakuwa akisema bongo, wala siku ile ya ufagio hakuwa akisema bongo. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akakimbia kwenye tope bila viatu mpaka nyumba ya tatu.

"Mama Honorine! Nilikudanganya!"

Alimwambia yote: vidole, kicheko, Ntumba, sanduku, koleo. Mama Honorine alikuwa anafua. Hakumaliza hata kufuta povu mikononi. Walipofika, Ezéchiel alikuwa anajaribu kupanda pikipiki huku Merdi amemshikia magongo. Muuguzi alisimama mbele ya gurudumu.

"Zima hiyo injini."

"Mama, mi niko kazini," alisema dereva.

"Na mi niko kazini. Zima. Merdi, leta kiwiko chako."

Merdi alishangaa, lakini akanyoosha mkono. Mama Honorine alitafuta mahali upande wa ndani wa kiwiko, akagonga mara moja kwa kifundo cha kidole.

"Aï!" Merdi aliruka. "Kidole changu! Kidole kidogo!"

"Nimekigusa kidole chako?"

"Hapana, mama. Lakini kimewaka moto!"

"Haya. Tukae barazani, niwaambie kilichokuunguza."

Mama Honorine alichukua uzi mmoja mrefu wa nywele za kusukia. Akamshikisha Glodie ncha moja kwenye mguu mzima wa Ezéchiel, akaupandisha uzi pajani, mgongoni, mpaka kichwani.

"Ndani ya fuvu kuna ubongo," alisema. "Ni mlaini kuliko bukari, lakini una seli mabilioni, na seli hizo zinapelekeana habari kwa umeme mdogo sana. Huu uzi ni neva. Ukikanyaga mwiba, mguu wenyewe haujui kitu. Neva inapeleka habari kwenye uti wa mgongo, kisha juu, na ubongo ndio unaosema: 'Aï, mguu wangu!' Kila sehemu ya mwili ina mahali pake mle ubongoni panapoisikiliza. Kwa Merdi nimegonga neva katikati ya njia, ubongo ukadhani habari imetoka mwisho wa njia, kwenye kidole."

Akaupitisha uzi mwingine upande wa kushoto, akachukua mkasi wa Mama Kapinga, akaukata kwenye goti.

"Mguu huu umeondoka. Lakini mahali pake ubongoni pako vilevile, panasikiliza. Na ncha ya neva iliyokatwa bado inatuma habari, ovyo ovyo. Ubongo unasema: mguu unaumia. Ni maumivu ya kweli. Hata mngeunyoosha ule wa kaburini kwa pasi, yasingepungua, kwa sababu hayako kule."

Ezéchiel aliinamisha kichwa. "Basi mi si kichaa?"

"Si kichaa, hujalogwa, na si mwongo. Watu wengi waliokatwa kiungo wanasikia hivyo. Glodie aliniambia ni bongo. Kumbe aliacha herufi moja tu: ni ubongo."

Hakuna aliyecheka, ila pembe ya mdomo wa Ezéchiel ilisogea kidogo.

"Ulitaka kuviona vikinyooka, sivyo?" muuguzi aliendelea. "Hospitalini nimeona namna ya kufanya. Glodie, leta kioo chako."

Glodie alikileta kile kirefu. Mama Honorine alimfanya akishike katikati ya miguu ya kaka yake, uso wa kioo ukitazama mguu wa kulia, na kigutu kikiwa kimefichwa nyuma. Ezéchiel alipoinama, akaona mguu wa kushoto, mzima, na vidole vitano.

"Kunja vya kulia vifanane na hivyo vinavyouma. Sasa vikunjue pole pole. Usiache kutazama."

Vidole vya kulia vikafunguka. Kiooni vikafunguka vya kushoto. Jasho lilimtoka Ezéchiel kwenye paji la uso. Akarudia, mara tatu, mara nne. Glodie alikishika kioo imara, kisitikisike.

"Vinalegea," Ezéchiel alinong'ona. "Merdi, vinalegea."

Merdi aliliegemeza koleo ukutani, akaenda kumruhusu dereva aondoke.

"Havijapona," Mama Honorine aliwaonya. "Wengine kioo kinawasaidia, wengine kidogo tu. Fanya kila siku dakika kumi na tano, na Jumatatu twende kwa daktari atazame dawa."

Glodie alibaki amekumbatia kioo. "Yaya, mi ndiye niliyewaita wale wakucheke. Na nilimdanganya Mama Honorine. Unisamehe."

"Na mi niliwazoesha bongo," Ezéchiel alijibu. "Kosa tumegawana."

Mama Honorine alimgeukia Glodie. "Maumivu ya mtu hayaonekani kwa macho, mwanangu. Mwenye kuyajua ni yeye peke yake, na daktari anayajua kwa kuambiwa. Mgonjwa akikuambia kitu, hata kama kinaonekana hakiwezekani, usimcheke na usikifiche. Kifikishe kwa anayeweza kusaidia, kama ulivyokisikia. Leo ulichelewa, lakini ulifika."

Jumatatu Glodie alimgonga Ntumba kiwiko mbele ya darasa zima, na baada ya Ntumba kuruka, akaeleza habari yote ya uzi. Jioni Ntumba alikuja uani peke yake kuomba radhi.

Zipo siku ambazo vidole bado vinamkunjia ngumi Ezéchiel, na siku hizo sahani inarudi nusu. Lakini jioni moja, mteja akiwa kitini, Ezéchiel alisikika akikohoa kama zamani alipotaka kusimulia.

"Mguu wangu umeniandikia barua," alisema. "Unasema wale watu wa upande wa pili wa dunia wameuajiri. Unacheza mpira kwao, namba kumi na moja."

Glodie alishusha kioo, akamtazama kaka yake usoni.

"Yaya, hii ni bongo, au ni ubongo?"

"Hii?" Ezéchiel alitabasamu. "Hii ni bongo."

Ndipo Glodie akacheka.