Abiria wa Maegesho ya El Alto

Gari liliinama upande wa kushoto, na upande huo hakuna aliyekuwa amekaa.

Casilda alidhani ni springi. Alikuwa akipakia abiria kwenye gari lake uwanja wa ndege wa El Alto, awateremshe mjini La Paz, lakini akili yake yote ilikuwa kwa binti yake, Zulma, aliyekuja naye kazini. Radi ilikuwa imepasuka juu ya maegesho, mtoto akaanguka, akainuka midomo imemkauka. Na kwao hilo halina mjadala: mtu akishtuka, roho yake hudondoka palepale. Unachukua kofia yake, unaipunga, unaiita roho kwa jina na kwa sauti, ndipo mwondoke.

Lakini wale abiria wa suti!

"Dada, tunaondoka, au tusubiri mazingaombwe yako yaishe?" mmoja alifoka, wenzake wakacheka.

Casilda akaona haya. Akaipunga kofia harakaharaka, akanong'ona, "Njoo mwanangu, twende nyumbani." Jina hakulitaja. Haya gani hizo, jamani, za kuiacha roho ya mtoto juu ya lami! Ndipo gari lilipoinama, na ndani kukanuka udongo mbichi uliochanganyika na mafuta ya ndege.

Nyumbani Zulma hakulia wala hakucheka. Alikula viazi vibichi na maganda yake, akitafuna taratibu huku amemkazia mama yake macho yasiyopepesa. Miguu ikampoa, ubaridi ukapanda hadi magotini. Casilda alipomfunika blanketi, mtoto akasema kwa sauti nzito, "Huyu mwanao ni mdogo mno. Nimebanwa humu."

Casilda alitoka mbio hadi kwa mganga, Mzee Saturnino. Mzee akamwaga majani ya koka ya kupigia ramli juu ya kitambaa, akayatazama, akaguna.

"Uliita nani, binti yangu?"

"Mwanangu."

"Kwa jina lake?"

Casilda akainamisha kichwa.

"Basi kimekuja kilichokuwa karibu. Ubaridi ukifika moyoni, utazika. Twende tukakishushe kilikopandia. Na kikishashuka, hakuna kugeuka nyuma, hata mkisikia nini."

Walifika asubuhi, ukungu umefunika maegesho. Mzee alimwaga pombe kali chini, akakitukana kile kitu matusi ya nguoni, akakiamuru kishuke, na Zulma akaanza kujinyonganyonga mikononi mwa mama yake, akimkwaruza shingo, akicheka kicheko cha mtu mzima, harufu ya udongo ikizidi hadi Casilda akahisi anaimeza, na bado hakumwachia, akaishika kofia, akapaza sauti wasafiri wote wakamtumbulia macho, "Zulma! Zulma Quispe! Njoo mwanangu, twende nyumbani!"

Mtoto akakohoa. "Mama, nasikia baridi."

Ee, furaha iliyomjaa Casilda! Akambusu, akamshusha chini.

"Msigeuke!" Mzee aliwahimiza, keshamshika Zulma mkono, wanaelekea garini. Casilda aliwafuata. Hapo kile kitu kikamfokea sikioni, ukelele wa chuki tupu, akashtuka, akaanguka kifudifudi.

Zulma alimsikia akianguka. Hakugeuka, maana alikatazwa. Aliunyoosha tu mkono wake mwingine nyuma, akaita, "Mama! Njoo mama, twende nyumbani!"

Mtoto gani humwita mama yake kwa jina?

Casilda alitaka kuinuka akashindwa. Kisha akauona mwili wake mwenyewe ukiinuka, ukakung'uta sketi, ukaushika ule mkono mdogo. "Nimekuja, mwanangu," ukasema. Ukamwingiza mtoto garini, ukakaa kwenye usukani.

Casilda alipiga kelele kwa nguvu zake zote, wasafiri wakampita na masanduku yao. Ndani ya gari Zulma alikuwa akilia, na Mzee Saturnino akimbembeleza, "Nyamaza, mjukuu wangu. Uko na mama yako sasa."