Mkono wa Tumainieli

Saa sita mchana, stendi ya Same inachoma, na mtu kavaa glavu za sufu. Devotha aliacha kupanga mafungu yake ya tangawizi akamkodolea macho. Shati jeupe limenyooshwa, viatu vimejaa vumbi, na puani anavuma wimbo usio na maneno. Mtu yule akaokota tangawizi, akaivunja karibu na sikio.

"Hii imekauka. Haina sauti."

"Umeivunja, umeinunua," alisema Devotha. "Na wewe ni Tumainieli, mpiga piano. Redioni wanasema una kichaa kidogo."

"Kidogo tu? Wamenihurumia."

Alipoaga alimpa kifundo cha mkono, kama mtu aliyekatizwa akila ugali. Devotha alikishika huku akicheka, na moyo wake ukaenda nacho.

Simu zikafuata.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimesahau."

"Na glavu?"

"Hizo sijawahi kuzisahau, Devo."

Alimpenda na vituko vyake vyote, wala hakuvihoji. Ila mapenzi hayaishii kwa wawili. Siku Devotha alipompeleka kwao Chome, mama yake, Bi Ernesta, alitoka shambani, akafuta kiganja kwenye khanga, akakinyoosha. Tumainieli akamnyooshea kifundo.

"Mkono wangu una uchafu gani, baba?" aliuliza mama. Mgeni akababaika, akaanza kuvuma wimbo.

Usiku huo alipiga simu. "Devo, vidole vyangu..."

"Vidole vyako vimemdharau mama yangu. Usinipigie tena." Akakata, akalia mpaka kope zikavimba.

Wiki mbili baadaye Tumainieli alikuwa na onyesho kanisani Same. Devotha hakutaka kwenda. Mama ndiye aliyevaa kitenge chake cha Krismasi. "Twende. Nataka nione hiyo mikono inafanya nini cha maana."

Wakakaa mbele. Tumainieli aliingia, akawaona, akasimama. Kisha akavua glavu, akashuka hadi kwa Bi Ernesta.

"Shikamoo, mama." Akanyoosha kiganja kitupu. "Shabiki mmoja aliniminya mkono kwa furaha, akanivunja kidole. Nilikaa mwaka mzima bila kupiga. Ningekwambia siku ile, woga ulinizidi."

Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda. Devotha alikiona kwa mara ya kwanza, akaogopa, maana mkono wa mama yake hung'oa tangawizi bila jembe.

Mama alikitazama kidole kile kwa muda mrefu. Akakunja kiganja chake, akampa kifundo.

"Marahaba, mwanangu. Kapige kwanza."

Akapiga, akivuma kwa sauti kuliko kwaya, na kanisa zima likasimama kushangilia. Bi Ernesta alishangilia mpaka khanga aliyojitanda ikamdondoka begani.

Tumainieli alirudi akiwa bado hana glavu, akamnyooshea Devotha mkono.

"Nataka nije Chome na wazee wangu. Utakubali?"

Devotha akaushika taratibu, kama yai.

"Minya," alisema Tumainieli. "Wewe nakuruhusu."

Akaminya.