Shati Lenye Alama ya Tairi

Kabla chai haijachemka, Dobi alikuwa ameshika pasi yake. Mkaa umekolea, maji yako kwenye kopo, na shati la kwanza limetandazwa mezani. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana yake. Kilikuwa na meza ndefu iliyofunikwa blanketi, kamba mbili za kutundikia nguo, na harufu ya sabuni ambayo haikutoka hata mlango ukishinda wazi kutwa.

Dobi alijivunia jambo moja. Hakuwahi kumpelekea mteja shati lililokunjwa.

"Shati la kukunjwa ni la dukani," alisema. "La kwangu unalivaa hapo hapo mlangoni."

Ndiyo maana baiskeli yake ilikuwa na ufito wa chuma, umesimamishwa juu ya keria. Mashati yalining'inia kwenye ufito huo, kila moja na henga yake. Kwa mbali ungedhani familia nzima imepanda baiskeli moja.

Lakini ufito ulikuwa na taabu yake. Dobi akigeuza shingo, aliona mashati tu. Akigeuza mwili, baiskeli iliyumba na nguo zikaanguka matopeni. Basi akajitungia sheria ya kazi: macho mbele.

"Walio nyuma wana macho yao," alisema. "Watakosaje kuniona na mashati kumi na mawili?"

Sheria hiyo akamfundisha na binti yake. Binti alikuwa na miaka kumi na tatu, na mtaa mzima walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Shule yake mpya ilikuwa mbali, ng'ambo ya pili ya mji. Alikwenda kwa baiskeli, na Dobi alikuwa amemchomea ufito mdogo wa kubebea mashati ya wateja wa karibu na shule. Kila asubuhi walitoka pamoja. Baba mbele, Chiriku nyuma, na mama mlangoni akiwasindikiza kwa macho mpaka kwenye kona.

"Baba Chiriku, unamwona huyo mtoto huko nyuma?" mama aliuliza kila siku.

"Simwoni, namsikia," Dobi alijibu. "Mwanao akinyamaza, hapo ndipo uwe na wasiwasi."

Nao walicheka.

Asubuhi ya Jumatano walifika kwenye makutano makubwa yenye taa. Taa ilikuwa nyekundu. Lori refu la kokoto lilikuwa limesimama mbele ya foleni. Kati ya lori na ukingo wa barabara palibaki upenyo, upana wa mlango wa chumba. Dobi alipita hapo kila siku, na alipaita kichochoro chake. Akaingia. Chiriku akamfuata, huku akisimulia habari za mwalimu wa hesabu aliyepoteza miwani.

"Akauliza, nani ameiona miwani yangu? Na ilikuwa hapo kichwani kwake, Baba! Sisi wote tuka..."

Taa ikawaka kijani. Dobi alikanyaga kwa nguvu, akalipita lori kwa mbele, akavuka.

"Mkafanyaje?" aliuliza.

Kimya.

"Chiriku? Mkafanyaje?"

Alisikia injini. Alisikia honi. Kisha akasikia watu wakipiga kelele. Alishika breki, mashati yakamwagika barabarani, na akageuka. Lori lilikuwa linakata kona. Ubavu wake mrefu ulikuwa umekifunga kile kichochoro chote. Barabarani hapakuwa na mtoto.

Dobi alikimbia. Baadaye hakukumbuka aliiachaje baiskeli. Alimkuta Chiriku juu ya njia ya waenda kwa miguu, ameketi chini, kiwiko kinavuja damu. Alikuwa amejirusha pamoja na baiskeli yake juu ya ukingo. Mama mmoja muuza mboga alikuwa bado ameushika mkoba wa shule wa Chiriku, kwa kuwa ndiye aliyemvuta. Lori lilikuwa limekwenda zake. Dereva wake hakujua lolote.

"Lilikuwa linanijia ubavuni, Baba," Chiriku alisema. "Nilipiga kengele. Halikusikia."

Dobi alimkumbatia palepale, mbele ya watu. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo analionea haya.

"Mama asijue."

Aliogopa. Mama akijua, atapiga marufuku baiskeli, na shule ilikuwa mbali mno kwa miguu. Wakakubaliana kusema kwamba Chiriku ameteleza uwanjani. Wakaokota mashati. Moja lililokuwa kwenye ufito wa Chiriku, shati jeupe pe, lilikuwa na mchirizi mweusi mgongoni.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa ndefu. Njiani Chiriku hakusimulia tena kitu. Dobi aliita kila baada ya hatua chache.

"Chiriku, upo?"

"Nipo."

"Upo?"

"Nipo, Baba."

Na kila jibu lilipochelewa kidogo, aliita tena. Jioni alilifua shati jeupe. Alilisugua kwa sabuni ya mche, akalianika juani, akalirudia. Mchirizi ukabaki. Mke wake alimtazama.

"Doa gani hilo linakushinda wewe?"

"Grisi," alijibu Dobi bila kuinua uso.

Jumamosi mwenye shati akaja mwenyewe. Alikuwa dereva wa lori, mwanamke mwenye mabega mapana, jirani wa nyumba ya tatu na shoga wa mama Chiriku. Shati lake lilikuwa likipelekwa kazini kwake, karibu na shule ya Chiriku. Kampuni yao iliwataka madereva wavae mashati meupe, amri ambayo yeye aliiita uchokozi.

"Shemeji, shati langu limekaa kwako mpaka limekuwa mwanafamilia," alitania. "Nipe nikaendeshe."

Dobi alimpa, akaanza kuomba radhi. Dereva alilitandaza mezani. Alipitisha kidole juu ya mchirizi. Utani ukamwisha usoni.

"Hii si grisi. Huu ni mpira. Hili ni tairi la lori." Akainua macho. "Shemeji, shati langu lilikuwa wapi hata likaguswa na tairi?"

"Lilikuwa limetundikwa tu."

"Limetundikwa nyuma ya nani?"

Mama Chiriku alikuwa pembeni akikunja shuka. Mikono yake ikasimama. Alitazama shati. Alitazama kiwiko cha mwanawe chenye bandeji.

"Uwanjani," alisema taratibu. "Mliniambia uwanjani."

Chiriku akaanza kulia, na akasema yote.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi kwenye kiti, shuka mapajani, akasema, "Tangu leo mtoto hapandi tena baiskeli. Na wewe, Baba Chiriku, sina la kukwambia."

"Na shule, Mama?" Chiriku aliuliza.

Dereva ndiye aliyejibu.

"Shoga yangu, marufuku unaweza kuiweka hata kesho kutwa. Nipe kesho asubuhi tu. Lori langu litakuwa limeegeshwa pale uwanjani nyuma ya ghala la kampuni. Njooni wote, na baiskeli zenu."

Jumapili asubuhi walikwenda. Dereva alimpandisha Dobi kwenye kiti chake, kule juu, akawasha injini na kufunga vioo vya madirisha. Kisha akakaa kiti cha pili.

"Haya. Mtafute mwanao."

Dobi alitazama mbele. Aliona ghala. Alitazama vioo vya pembeni. Aliona ubavu wa lori, kipande cha uwanja, na mkewe amesimama mbali.

"Hayupo," alisema. "Amekwenda wapi?"

"Si humwambia mkeo kila asubuhi kwamba humwoni, unamsikia? Haya, sikiliza."

Dobi akatega sikio. Injini ilinguruma mpaka kiti kikatetemeka. Hakusikia kitu kingine.

"Dada, yuko wapi mtoto?" aliuliza Dobi.

Dereva alizima injini na kufungua mlango wa upande wake. Sauti ikaingia, nyembamba, imechoka.

"Baba! Baba! Niko hapa!"

Chiriku alikuwa chini kabisa ya mlango, karibu na gurudumu, amekaa juu ya baiskeli yake, mkono ameuinua juu. Alikuwa akiita muda wote huo.

Dobi alishuka kwa kushikilia. Alikwenda akasimama karibu na mwanawe.

"Yule dereva wa Jumatano hakuwa mwovu," Dereva alisema. "Alikuwa hapa ulipokaa wewe, akitazama ulipotazama wewe. Na jambo la pili, lori likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanabana ndani, upande wa ukingo. Hicho unachokiita kichochoro chako kinajifunga chenyewe."

"Sasa mtu apite wapi?" mama aliuliza. Alikuwa amesogea karibu.

"Asipite. Akikuta lori limesimama kwenye taa, akae nyuma yake, na asiligandie. Nyuma, si ubavuni. Asubiri liondoke. Na popote alipo, atafute uso wangu kwenye kioo. Ikiwa huoni uso wangu, nami sikuoni."

Dobi aliuliza, "Na nikitaka kulikwepa gari lililoegeshwa?"

"Wewe hufanyaje?"

"Nalikwepa tu. Napita karibu karibu, nisiwasumbue wa nyuma."

"Mungu amekulinda, shemeji. Mtu akifungua mlango, unaingia ndani na mashati yako yote. Acha nafasi ya mlango mzima. Lakini kabla hujatoka kwenye mstari wako, geuka utazame nyuma. Kukiwa salama, nyoosha mkono wa upande unaokwenda. Tazama tena. Hawajakupa nafasi? Usitoke, punguza mwendo."

"Nikigeuka nayumba."

"Unayumba kwa sababu hujajifunza. Na kwa sababu umebeba duka zima mgongoni."

Wakajifunza palepale uwanjani. Dereva alichora mstari mrefu kwa chokaa. Mama alisimama nyuma na kuinua vidole. Kazi ya mwendeshaji ilikuwa kwenda juu ya mstari, kugeuza shingo bila kugeuza usukani, na kutaja idadi ya vidole.

Chiriku alifaulu mara ya tatu. Dobi, ambaye alikuwa ameendesha baiskeli miaka ishirini, aliona mashati aliyokuja nayo, akabahatisha, "Vidole vinne!"

"Hata sijainua mkono!" mama alijibu.

Chiriku akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu Jumatano, na Dobi alipokisikia aliona aibu na furaha kwa pamoja. Alishuka, akautazama ufito wake. Alikuwa ameupenda. Huo ndio uliomtofautisha na madobi wengine wote mjini.

"Nani ana msumeno wa chuma?" aliuliza.

Siku hiyo fito mbili zilikatwa. Mahali pake Dobi alifunga kasha pana na la chini, lisilofika hata kiunoni. Mkewe akamwonyesha namna ya kulilaza shati juu ya kipande cha kadibodi ili lisipate mkunjo. Dobi alinung'unika kwamba wateja watamcheka. Mkewe akamtazama tu, naye akaacha kunung'unika.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Dereva aliwaambia kwamba mtoto hakai nyuma. "Mtoto mbele, mkubwa nyuma yake, ametoka kidogo kuelekea katikati ya barabara, ili magari yakukwepe wewe kwanza. Na nyote muwe na kofia ngumu."

Ijumaa iliyofuata mama alikubali, kwa shingo upande. Jumatatu walitoka, kofia vichwani. Mama alisimama mlangoni kama zamani, lakini safari hii hakuuliza swali lake. Aliona mwenyewe kwamba baba alikuwa nyuma, na mtoto mbele, machoni pa baba yake.

Kwenye makutano makubwa taa ilikuwa nyekundu. Lori la mafuta lilikuwa limesimama. Upenyo ulikuwepo, mpana kama siku zote. Chiriku alipunguza mwendo. Dobi alitaka kumwambia asipite, akajizuia.

Chiriku aligeuka akatazama nyuma. Alisimama nyuma ya lori, mahali ambapo aliuona uso wa dereva kwenye kioo. Yule dereva naye akamwona, akaitikia kwa kichwa.

Mwenye pikipiki nyuma yao alipiga honi. "Pita basi, nafasi ipo!"

"Hatupiti," alisema Dobi.

Taa ikawaka kijani. Lori likakata kona. Gurudumu la nyuma likabana ndani, likapanda juu ya ukingo, likasagasaga chupa tupu iliyokuwa pale kwenye kichochoro, kisha likashuka. Wote wawili waliitazama ile chupa. Mwenye pikipiki naye aliitazama, na hakupiga honi tena.

Walipovuka, Chiriku akasema bila kugeuka, "Baba, sikukumalizia habari za ile miwani."

"Nimalizie," Dobi alisema. Alikuwa akimsikia na kumwona.

Lile shati jeupe Dereva hakulichukua. Dobi alimnunulia jingine. La zamani limetundikwa ukutani kwenye karakana, mgongo umetazama mlangoni, na mama Chiriku amekataza lisifuliwe tena. Wateja wapya huliona wakaguna.

"Dobi, doa hilo limekushinda?"

"Limenishinda," hujibu Dobi, na huweka pasi chini. "Wewe umekuja kwa miguu au kwa baiskeli?"

Mteja akisema kwa baiskeli, Dobi humsogezea kiti.