Mkate Uliotuma Ujumbe

"Mkate umeanza lini kutuma ujumbe, Bishoi?"

Bishoi alikuwa ameinamia sinia la unga, mikono myeupe mpaka viwikoni. Akageuka. Mchumba wake Damyana alikuwa amesimama mlangoni mwa tanuri, na simu iliyokuwa mkononi mwake haikuwa yake. Ilikuwa ya Bishoi.

"Mkate gani?"

"Rahma. Si ulinieleza mwenyewe? Kila Alhamisi simu yako inalia, jina linatokea Rahma, nikakuuliza, ukasema ni kikumbusho cha kupeleka mikate. Haya, leo mkate umejifunza kuandika. Nikusomee?"

"Nipe simu, Damyana."

"Subiri, ni fupi: 'Kesho uje kabla ya sala ya Ijumaa, majirani wasikuone. Mungu akulinde.' Sasa niambie, mkate unaogopa majirani?"

Kwa watu wa mji ule, rahma ni mikate midogo ya mviringo yenye habasoda juu, inayookwa kwa ajili ya waliokufa na kugawiwa kwenye lango la makaburi na la kanisa. Ni rehema ya marehemu. Anayenyoosha mkono hupewa, haulizwi jina wala dini. Yeye husema tu, "Mungu amrehemu," akaondoka na mkate wake. Tanuri la Bishoi ndilo lililookea nusu ya mji, ndiyo maana kwa miezi minane Damyana hakushtuka. Alisahau kwamba Rahma ni jina la mwanamke pia.

"Ni mteja," Bishoi akasema.

"Anakaa wapi?"

"Ng'ambo ya reli."

"Ng'ambo ya reli hakuna hata nyumba moja ya watu wetu."

Macho ya Damyana yakatembea rafu kwa rafu, yakatua kwenye kikapu kilichotengwa peke yake, kimefunikwa kitambaa safi. Akakifunua. Harufu ikampanda puani.

Samli!

Ulikuwa mwezi wa Kiahk, katikati ya mfungo wa kabla ya Krismasi. Wakristo wa mji mzima walikuwa hawali nyama, maziwa wala samli, na tanuri lote lilinuka mafuta ya alizeti. Isipokuwa kikapu kile.

"Unamkandia nani samli katika mfungo?"

"Yeye hafungi," Bishoi akajibu, kisha akauma mdomo. Neno lilikuwa limeshatoka.

"Ni mwanamke?"

"Ni mwanamke. Lakini si hivyo unavyofikiri."

"Basi nieleze ninavyotakiwa kufikiri."

"Siwezi wiki hii. Ngoja Jumapili ipite, kumbukumbu iishe, nitakueleza yote. Nakuapia kwa—"

"Usithubutu kuapa kwa Verena!"

"Sikumtaja."

"Ulikuwa naye mdomoni!"

Akatupa simu juu ya unga, akatoka.

Miaka mitatu nyuma, Jumapili ya Kiahk kama hii, kijana mmoja alifika kwenye lango la kanisa amevaa mabomu chini ya koti, akaua watu kumi na saba. Mmoja wao alikuwa Verena, mchumba wa Bishoi wakati ule. Mwingine alikuwa Wadie, bawabu wa kanisa, baba yake Damyana, aliyemkumbatia yule kijana pale pale langoni ili asiingie ndani. Damyana na Bishoi walijuana makaburini, kila mmoja na maua yake. Maua yakawa mazungumzo, mazungumzo yakawa pete. Harusi ilipangwa Jumapili ya kwanza baada ya Krismasi.

Lakini picha ya Verena ilikuwa imetundikwa ukumbini mwa kanisa, kachorewa taji la mashahidi kichwani, anatabasamu na meno yake mazuri yale. Kila Damyana alipoitazama moyo ulimchoma. Kumwonea wivu aliyekufa ni dhambi, na huyu alikuwa shahidi. Hata kwa padri aliona haya kuungama. Sasa kumbe kuna na aliye hai!

Njiani akampigia Nadra, binti wa amu yake, mpambaji wa maharusi.

"Nadra, Bishoi ana mwanamke."

"Nilijua! Mwanaume anayenukia vizuri vile hawi wa mtu mmoja. Nani?"

"Anaitwa Rahma. Ng'ambo ya reli."

"Muislamu? Damyana, huo si wivu tena, huo ni moto! Ndugu zako wakisikia patawaka pande zote mbili. Mfuate. Umwone kwa macho yako ndipo umrudishie pete yake usoni. Ila nywele za harusi nilishakupangia, usiniharibie ratiba."

"Nadra!"

"Nakutania, shoga. Lia kwanza, kesho uamke na akili."

Kesho yake asubuhi, Damyana alikuwa amejibanza nyuma ya mkokoteni wa machungwa katika kichochoro cha ng'ambo ya reli, shela imeshushwa mpaka kwenye nyusi, mkono wenye chale ya msalaba ameuficha ndani ya mkono wa gauni. Mlango aliokuwa akiuangalia ulikuwa umepakwa rangi juu ya maandishi. Yalikuwa yamefutwa, lakini bado yalionekana kuwa ya matusi.

Bishoi akaja na kikapu. Akakiweka kizingitini, akabisha hodi, akarudi nyuma hatua mbili. Mlango ukafunguliwa na msichana mwenye macho makubwa meusi, mzuri, mzuri wa kukutia kisirani. Bishoi hakuingia. Walizungumza yeye nje, mwenziwe ndani. Kisha msichana akacheka.

Kicheko kidogo tu, kilichomalizika upesi kama cha mtu aliyekosa mazoezi. Lakini Damyana alikihisi kama sindano.

Bishoi alipopotea kwenye kona, Damyana akavuka kichochoro, akagonga mlango kwa ngumi. Msichana akafungua, kikapu bado kiko miguuni pake. Akamtazama mgeni wake juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Damyana."

"Umenijuaje?"

"Kila Ijumaa anakutaja. Damyana kabishana na padri, Damyana kaunguza dengu, Damyana kasema hivi na hivi. Nimechoka kukusikia, dada. Karibu ndani."

"Siingii. Unampenda?"

Rahma hakuyakwepa macho yake.

"Hapo mwanzo nilijaribu. Mtu wa pekee anayekugongea mlango usimpende? Lakini hakuona. Wanaume hawaoni kitu, na huyu zaidi, maana macho yake uliyabeba wewe. Nikaacha. Huo ndio ukweli, ukitaka nipige."

Damyana alikuwa amekuja na maneno arobaini ya kumrarulia. Yakabaki haya tu:

"Basi kwa nini anakuletea mikate ya marehemu wetu? Wewe ni nani kwetu?"

"Hajakuambia?"

"Niambie wewe."

Rahma akashika ubao wa mlango.

"Mimi ni dada yake Saber."

Jina lile halikutajwa mjini. Watu walisema "yule" au walitema mate tu. Damyana akamwona akilini baba yake na koti lake la ubawabu, akaviona viatu walivyorudishiwa ndani ya mfuko. Akainama, akakinyakua kikapu.

"Hii huli! Hii ni ya baba yangu. Huli wewe!"

Rahma hakuzuia. Alisema kwa sauti ya chini tu, "Chukua. Bishoi naye mara ya kwanza alininyang'anya."

Damyana hakugeuka. Alitembea mpaka nyumbani kwa miguu, kikapu kimembana kifuani. Simu ikalia ndani ya mfuko wa gauni. Ujumbe wa Bishoi:

"Rahma kaniambia umefika. Sikukuficha kwa ajili yake, nilikuficha kwa ajili ya baba yako. Niliogopa ukijua ninapokwenda, hutaniangalia tena. Kumbukumbu ya kwanza nilikuwa nagawa rahma langoni. Akaja msichana kajifunika, akanyoosha mkono, nikampa. Akashindwa kusema Mungu amrehemu. Akalia, akaniambia yeye ni dada wa nani. Nikampokonya mkate mkononi. Damyana, umewahi kumwona mtu akiichukua tena rehema ikishatoka? Mwaka mzima sikukanda unga bila kuuona ule mkono uliobaki mtupu. Ndipo nikamtafuta. Pete iko kidoleni mwako, hukumu ni yako."

Mama yake alikuwa sebuleni akichambua dengu. Alinusa kabla hajainua kichwa.

"Samli hiyo. Umefungua mfungo?"

"Hapana, mama."

"Kikapu cha nani?"

Damyana akaeleza yote, analia, anajifuta kwa shela. Alitegemea mama atapiga kelele, atamlaani Bishoi na tanuri lake. Mama aliendelea kuchambua, dengu huku, changarawe kule. Alipomaliza akasukuma sinia pembeni.

"Mimi sijasamehe," akasema. "Usije ukadhani. Kila asubuhi naomba nisamehe, na kila nikilala bado. Huyo kijana aliniachia kitanda kipana. Lakini binti hakuvaa bomu. Na mimi na uchungu wangu wote sijawahi kumpokonya mtu rehema ya mume wangu. Baba yako langoni pale alikuwa akimpa chai hata mtu aliyemtukana. Ukimnyima mtu mkate kwa jina la Wadie, huyo si Wadie, huyo ni mwingine umemtunga mwenyewe."

Akafunua kitambaa. Chini yake palikuwa na karatasi, mwandiko wa Bishoi, majina ya waliouawa, yote kumi na saba. Mama hakuona vizuri bila miwani.

"Nisomee. La kwanza la nani?"

Damyana alilitafuta la Verena, kwa mazoea ya wivu wake. Alilikuta la tisa.

"La baba," akasema.

Jumapili, baada ya misa, majina yakasomwa moja moja. Kisha watu wakatoka langoni na vikapu vyao, wakagawa. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kizuizi cha askari, alikuwa amesimama mwanamke kajifunika. Mwaka uliopita pia alisimama pale pale, na Damyana alimwona akadhani ni mpita njia.

Damyana akachukua kile kikapu cha Ijumaa, akaanza kuvuka.

"Damyana, unakwenda wapi?" Nadra akamshika mkono. "Yule si... Watu wanatazama!"

"Waache watazame. Niachie mkono."

Bishoi alisimama kama aliyepigwa msumari, sinia kichwani. Minong'ono ikaanza. Mtu mmoja akapaza sauti, "Huyo si wa kwao yule?" Askari akasogea. Damyana hakusimama mpaka akafika.

Kwa karibu Rahma alikuwa bado mzuri. Hilo nalo lilimwuma.

"Imekuwa migumu," Damyana akasema. "Ni ya juzi. Kosa langu."

Akatoa mkate mmoja, akaunyoosha, mkono wenye chale ya msalaba wazi kabisa.

"Kwa roho ya Wadie, baba yangu."

Rahma akaupokea, habasoda mbili tatu zikadondoka. Midomo ikacheza bila sauti, mara moja, mara mbili.

"Mungu amrehemu," akasema. "Mungu amrehemu. Mungu awarehemu wote."

Damyana akasikia hatua nyuma yake, akajua bila kugeuka. Mama yake alipita pembeni, akatoa mkate wa pili kikapuni, akauweka mkononi mwa Rahma, akafumba vidole vyake juu yake. Akarudi zake kanisani taratibu, na aliyekuwa amepaza sauti akampisha njia.

Bishoi alimkuta Damyana langoni, chini ya jina la baba yake kwenye jiwe la kumbukumbu.

"Damyana..."

"Nipe simu."

Akampa. Damyana akaitafuta namba ya Rahma, akainakili kwenye simu yake, akaifuta kwenye ya Bishoi.

"Kuanzia Ijumaa ijayo wewe oka tu. Kupeleka ni kazi yangu."

Bishoi akamtazama, tabasamu linamjia kwa woga.

"Kwa hiyo bado una wivu?"

"Mpaka kwenye kucha! Yule ana macho, Bishoi. Macho yale! Na wewe unaniambia 'mteja'."

"Mimi sikuyaona."

"Ndivyo alivyosema na yeye. Ndicho kilichokuokoa."

Jumapili ya kwanza baada ya Krismasi, Damyana alikuwa amekaa kwenye kiti cha bibi harusi, taji kichwani, taji la harusi, si lile la ukutani. Ukumbini alipita mbele ya picha ya Verena, akasimama, akamrudishia tabasamu kwa mara ya kwanza. Ila meno yake bado aliyaona mazuri kupita kiasi. Sasa vigelegele vilikuwa vinapasua dari, Bishoi anatokwa jasho ndani ya suti kuliko alivyowahi kutokwa mbele ya tanuri.

Simu ikalia ndani ya mkoba mweupe. Damyana akaichungulia kwa chini.

"Hongereni. Nipo ng'ambo ya barabara, siingii. Nilitaka kusikia vigelegele tu."

Nadra, aliyekuwa akimrekebisha shela, akanyoosha shingo.

"Bibi harusi na simu! Nani anakusumbua saa hizi?"

"Mkate," Damyana akasema.

Bishoi alicheka mpaka padri akageuka. Damyana alikuwa ameshainamisha kichwa, taji limekaa upande, anaandika neno moja tu.

"Vuka."