Ulimi wa Bwana Kijiko

"Haya, niambie. Kina nini?"

"Subiri nimeze kwanza, baba. Ndiyo kwanza nimekitia mdomoni."

"Watu wanasubiri, mpenzi. Picha nimeshaiweka mtandaoni, maneno hamna."

Yule mwanamke, mpishi wa siku nyingi, akafumba macho, akatafuna taratibu. Walikuwa wamekaa chini ya mwavuli wa turubai, miguu mchangani, kwenye kibanda cha kwanza kati ya saba walivyopanga kuvizungukia ufukweni pale. Mbele yao sahani moja ya pweza wa kuchoma, na vijiti viwili vya meno.

"Andika hivi. Pweza amelainika ila hajalegea. Ndimu imekuja mwisho, haikumvamia. Kitunguu saumu kimeungua kidogo pembeni, na kuungua kwenyewe ndiko kunakomfaa."

"Kuungua kwenyewe ndiko kunakomfaa!" Bwana Kijiko akarudia, vidole vikikimbia kwenye simu. "We mwanamke, Mungu alikupa ulimi!"

Hata dakika haijaisha, sifa zikaanza kumiminika.

"Huyu jamaa hajawahi kukosea!"

"Bwana Kijiko, ukisema twende, sisi tunakwenda!"

Jamani, kama ni kilemba cha ukoka, huyu alivishwa na mji mzima. Maana Bwana Kijiko, bingwa wa kugundua sehemu nzuri za kula, alikuwa haonji kitu. Chumvi, sukari, pilipili, kwake yote sawa. Miaka minne nyuma homa kali ilimlaza hospitali siku kumi na tisa. Alitoka mzima, ila ulimi ukabaki wa kujua moto na baridi, basi.

Aliyegundua ni huyu mpishi, enzi hizo akipika jikoni pale hospitali. Siku moja uji uliungua, wodi nzima ikarudisha vikombe, Bwana Kijiko peke yake akaomba cha pili na kusema asante. Mpishi akamfuata kitandani kumuuliza, akamkuta analia kimyakimya kwenye shuka.

Hakumwambia mtu. Akawa ulimi wake, kisha mpenzi wake, na mwaka juzi akaacha kazi ili azunguke naye. Alichotaka ni kitu kimoja tu, wala hakukificha: mwanaume huyu aende kwa mama yake, ajitambulishe, amuoe. Kila mwaka alikuwa akiambiwa mwakani.

Jioni ile akampigia dada yake.

"Dada, safari hii nadhani anatamka."

"Amesema?"

"Amesema Jumamosi mchana ana neno zito mbele ya watu. Kaniambia nije na gauni la heshima."

"Mbele ya watu gani? Mbona sisi ndugu zako hatujaalikwa?"

"Dada nawe! Niache nifurahi."

"Furahi, nani kakukataza. Na mmelala wapi?"

"Nyumba ya wageni. Vyumba viwili. Anasema ni heshima kabla ya ndoa."

Dada akaguna.

"Miaka minne heshima hamkuwa nayo, leo ndiyo mmeikuta baharini?"

"Kwaheri, dada."

Akakata, akacheka peke yake. Alikuwa na furaha, na mwenye furaha haambiliki.

Siku iliyofuata walizunguka mpaka miguu ikauma. Walikula samaki wa kukaanga kwenye banda la bati. Walipata supu nyuma ya karakana ya mashua, kwa mama mmoja asiye na kibao wala meza, supu ambayo mpishi alipoionja aliendelea tu kuinywa hadi Bwana Kijiko akamtikisa bega. Alasiri wakajilaza mchangani, wakala mahindi ya kuchoma, wakawacheka watu wanaoogopa mawimbi. Njia ikiwa tupu, Bwana Kijiko alimshika mkono. Akitokea mtu, aliuachia na kujifanya anatafuta simu. Mpishi aliliona hilo, akalimezea.

Ijumaa mchana wakafika mwisho wa ufukwe, penye hoteli kubwa nyeupe. Mwenye hoteli mwenyewe, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mnene kiasi, mchangamfu, alitoka mbio jikoni na aproni yake. Hata hakumsalimia Bwana Kijiko. Alimrukia mpishi, akamkumbatia kwa nguvu.

"Wifi yangu huyu! Karibu, wifi, karibu nyumbani!"

Mpishi akadhani amefananishwa.

"Samahani, dada... wifi?"

"Kaka yako kanisimulia kila kitu! Alivyokulea baada ya msiba, mnavyozunguka wote, hamuachani. Nikasema mwanaume anayempenda mdogo wake hivi, huyo ndiye wa kunioa mimi." Akamgeukia Bwana Kijiko. "Au ulikuwa umemficha habari hii mpaka kesho?"

"Nilitaka iwe mshangao," Bwana Kijiko akasema, akitazama bahari.

"Basi nimeharibu! Wifi, kesho tunatangaza uchumba. Wageni sitini. Wewe ndiye upande wa mume, kwa hiyo utakaa mbele."

Mdomo wa mpishi ukajibu peke yake.

"Hongera, wifi."

Walipotoka pale mpishi alitangulia mpaka nyuma ya ukuta wa hoteli, penye mapipa ya taka. Hapo akasimama.

"Mimi ni nani kwako?"

"Punguza sauti."

"Nimekuuliza, mimi ni nani kwako?"

"Wewe ni mtu muhimu sana."

"Ulinilea baada ya msiba gani? Mama yangu yuko hai, kila siku anauliza utakuja lini!"

"Ningemwambia nini? Kila safari upo, kila meza upo. Nikasema ni mdogo wangu, akafurahi. Ubaya uko wapi?"

"Miaka minne!"

"Na hujapoteza kitu. Sikiliza." Akamshika mabega, akaongea kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mgonjwa dozi. "Nimekuombea kazi hapa. Kuna chumba kizuri nyuma ya jikoni. Wewe utaonja, mimi nitasema. Kama kawaida yetu. Kitakachobadilika ni kidogo tu."

"Mimi nilitaka kuwa mke wako."

"Mke wa kuonja na mke wa kuonyesha watu ni wawili tofauti, mpenzi. Mwanamke wa jikoni hospitali nitamsimamisha wapi mimi?"

Machozi yakamtoka mpishi. Bwana Kijiko akachomoa kitambaa, akampa.

"Usilie sana. Utaziba pua, na kesho naihitaji."

Alikuwa hatanii. Alitaka kweli pua iwe safi.

Usiku mpishi hakupata lepe la usingizi. Alimchukia, na aibu yake kubwa ni kwamba bado alimpenda, bado sehemu yake moja ya kijinga ilingoja agonge mlango aseme nimekosa. Hakugonga. Palipokucha ulikuja ujumbe.

"Vaa lile gauni. Kaa karibu. Nikikuuliza kwa simu, jibu haraka. Nakutegemea."

Akampigia dada yake.

"Rudi nyumbani saa hizi," dada akasema baada ya kusikia yote. "Nauli nakutumia."

"Nitarudi. Nataka nimwone anavyotamka."

"Utajiumiza bure, mdogo wangu."

"Kuna pa kuumia pamebaki, dada?"

Saa sita mchana, meza zikiwa zimepangwa kivulini, mwenye hoteli akamvuta mpishi mkono mpaka jikoni.

"Wifi, njoo uone utundu wangu. Leo namtania mume wangu mbele ya watu."

Juu ya kaunta palikuwa na mabakuli matatu ya supu, yote rangi moja, yote yamepambwa majani ya giligilani.

"Ya kwanza kapika mpishi wangu mkuu. Ya pili nimepika mimi kwa mkono wangu. Atatakiwa aseme ipi ya kwangu. Na ya tatu..." Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Ya tatu ni maji ya bahari! Nimeyachota mwenyewe asubuhi, nikayachemsha na manjano. Akitia kijiko tu ataruka mpaka kule! Lakini usimwambie kaka yako."

"Simwambii."

"Niapie."

"Haki ya Mungu, wifi, simwambii."

Mwenye hoteli akambusu shavuni. Kilichomchoma mpishi ni kwamba mwanamke huyu alikuwa mwema. Angekuwa na nyodo, ingekuwa rahisi. Alitaka kumwambia pale pale, dada, mimi si wifi yako. Akafungua mdomo. Halafu akakumbuka kile kitambaa, na jinsi kilivyokunjwa vizuri, akaufunga.

Wageni wakakaa. Simu mbili zikawekwa kurusha moja kwa moja kwa wafuasi. Bwana Kijiko kasimama katikati kwa suti nyeupe, anang'aa. Akatangaza uchumba, watu wakapiga vigelegele. Mpishi, kiti cha mbele, naye akapiga makofi.

Mabakuli matatu yakaletwa.

"Haya, mabibi na mabwana!" mwenye hoteli akapaza sauti. "Bingwa wetu hajawahi kukosea. Atuambie ni ipi niliyopika mimi!"

Bwana Kijiko akachota ya kwanza, akafumba macho, akatikisa kichwa kama mwenye kujua. Akachota ya pili. Kisha akaichukua simu yake.

"Naomba niandike kumbukumbu zangu, ndiyo desturi yangu," akasema. Watu wakacheka kwa heshima.

Simu ya mpishi ikatetemeka mapajani.

"Nilikuona jikoni. Ipi ya kwake?"

Akausoma ujumbe herufi kwa herufi. Akaandika:

"Ya tatu. Imekolea, tangawizi kwa mbali, utamu wa samaki unakuja mwishoni. Kunywa nyingi. Sifia sana, atalia kwa furaha."

Bwana Kijiko akatabasamu. Akaiweka simu mezani, akalivuta bakuli la tatu, akapiga kijiko cha kwanza. Mwenye hoteli alishaziba mdomo kwa vicheko. Akapiga cha pili. Cha tatu. Kisha akanyanyua bakuli lenyewe, akanywa mpaka nusu.

Vicheko vya mwenye hoteli vikakatika.

"Ndiyo hii!" Bwana Kijiko akasema, sauti ikitetemeka kwa hisia za kujitengenezea. "Imekolea! Tangawizi kwa mbali, utamu wa samaki unakuja mwishoni. Wapendwa, huu ni mkono wa mama watoto wangu. Sijapata kunywa supu tamu hivi tangu nizaliwe."

Watu wakapiga makofi. Mwenye hoteli hakupiga.

"Mume wangu, acha utani."

"Utani gani? Naapa kwa kaburi la baba yangu."

Mwenye hoteli akachota kijiko kimoja toka bakuli lile lile, akaonja, akatema chini mbele ya wageni sitini.

"Hayo ni maji ya bahari," akasema polepole. "Umekunywa nusu bakuli. Hujakunja hata uso."

Bwana Kijiko akageuka, macho yamemtoka, kidole kikamnyookea mpishi.

"Ni huyu! Ameniandikia ya tatu! Ameniharibia makusudi!"

"Amekuandikia?" mwenye hoteli akauliza. "Kwani ulimi wako anao yeye?"

Akaiokota simu mezani, bado iko wazi. Akasoma kwa sauti ule ujumbe wa bakuli la tatu. Akapandisha juu kwenye jumbe za nyuma.

"'Mpenzi, wali wa jana usiusifie karafuu, iliyomo ni iliki.' 'Mpenzi, nimekukumbuka, fungua mlango.'" Akainua uso. "Tangu lini dada anamwita kaka yake mpenzi?"

Simu mbili bado zilikuwa zinarusha, na wafuasi walikuwa wanaandika mbio kuliko macho yanavyoweza kusoma.

Mwenye hoteli akamsogelea mpishi.

"Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu jana. Uliponiita wifi."

"Nimekubusu leo jikoni. Ukaniapia kwa Mungu."

"Nilikuapia kwamba simwambii. Sikumwambia."

"Ungeniambia mimi, ningemfukuza jana, bila wageni, bila aibu. Umeona bora niaibike mimi ili yeye aumie." Akavua aproni, akaitupa mezani. "Tokeni kwangu. Wote wawili."

Mpishi alijua ni kweli. Akainuka, akachukua mkoba wake.

Bwana Kijiko akamkimbilia, akapiga magoti pale pale mchangani na suti yake nyeupe, akamshika pindo la gauni. Alishaelewa. Bila hoteli ataishi, bila huyu hana neno hata moja la kusema juu ya chakula mpaka kufa.

"Nakuoa wewe!" akalia. "Wasikie wote! Nakuoa wewe, kesho twende kwa mama yako, nijitambulishe, nifanye yote! Mpenzi, useme ndiyo!"

Maneno yenyewe ndiyo haya. Miaka minne aliyangoja, na sasa yamesemwa mbele ya watu, kama alivyoahidiwa. Moyo wake mjinga uliruka kweli, akausikia, akauacha utulie. Akalitoa pindo mkononi mwake, kidole kimoja kimoja.

"Malizia supu yako, kaka," akamwambia. "Inapoa."